Watu wa vitu vya kale wamepita shambani: niwaonyeshe gunda au ninyamaze?

Swali: Habari, daktari. Naishi Nyatike, Kaunti ya Migori. Kuna kampuni inatafuta dhahabu huku kwetu, na juzi vijana walioitwa "watu wa vitu vya kale" walipita mashambani kwa mstari wakiwa na bendera ndogondogo na vifaa vya kupimia. Kwangu waliokota vipande vya vyungu wakavitia kwenye mfuko, wakaondoka navyo. Hawajafika upande wa juu, kwenye gunda (boma la kale lisilokaliwa tena) la babu ya mume wangu, ambako kuna mawe yaliyopangwa duara, na makaburi. Mwanangu anasema ninyamaze, eti serikali ikijua kuna vitu vya kale itachukua shamba. Shemeji anasema niwaonyeshe upesi ili mgodi ukwame. Nimsikilize nani? Na walikuwa na haki ya kuondoka na vile vigae? (Mama Akinyi, Nyatike)

Jibu: Mama Akinyi, waonyeshe. Waonyeshe gunda lote, makaburi, na mahali pengine popote ambapo wazee wenu hupataja, kisha hakikisha pameandikwa. Ila usiwaonyeshe kwa sababu anayoitoa shemeji yako, maana mategemeo yake ni makubwa kuliko uwezo wa vigae.

Nianze na hofu ya mwanao, kwa sababu haikutoka hewani. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika huko na vigingi vyao, wakapima na kuchimba katika mashamba ya watu. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake. Kufika mwisho wa mwaka 1932 sheria hiyo ilikuwa imebadilishwa, fidia ikawa inaweza kuwa pesa tu. Mambo kama hayo hayasahauliki. Mtu wa magharibi mwa Kenya akimwona mgeni anachomeka bendera katikati ya mahindi, hahitaji kufundishwa kuogopa. Na nyinyi wa Nyatike mna mgodi wenu wa Macalder, hamhitaji mfano wa Kakamega.

Lakini mwanao anaogopa kitu kisichostahili. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inatenganisha ardhi na kilichomo ndani yake. Kitu cha kale ambacho kilikuwa bado kimelala ardhini sheria hiyo ilipoanza kutumika ni mali ya serikali; cha kale, kwa maana ya sheria, ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895, pamoja na mifupa ya umri kama huo. Shamba linabaki la mwenyewe. Ni kweli waziri anaweza kutangaza mahali kuwa eneo la urithi linalolindwa, na hapo mwenye ardhi huwekewa masharti ya matumizi. Lakini jambo hilo hupitia Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye ardhi hupewa ilani na nafasi ya kupinga, na kwa jinsi ninavyoijua serikali yetu, haina pesa wala hamu ya kufanya hivyo kwa kila gunda. Angalia Thimlich Ohinga, hapohapo katika kaunti yenu: kuta za mawe yasiyounganishwa kwa udongo wala saruji, nyingine zinampita mtu mrefu kwa mbali, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta za aina hiyo zimehesabiwa zaidi ya 500 katika sehemu zaidi ya 130 za kanda ya ziwa. Iliyopewa heshima hiyo ya UNESCO ni Thimlich peke yake. Zile nyingine nyingi ziko katikati ya mashamba, na wenyewe wanalima na kulisha ng'ombe kama kawaida.

Kinachoweza kukusogeza, ikifika huko, ni leseni ya uchimbaji. Madini yote yaliyo chini ya ardhi ni ya Jamhuri, liwe shamba la nani. Hata hivyo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema haki ya kutafuta au kuchimba madini katika ardhi ya mtu binafsi haitolewi bila idhini ya mmiliki aliyesajiliwa, ingawa naye haruhusiwi kuinyima idhini hiyo bila sababu ya maana. Sikiliza vizuri hilo neno "aliyesajiliwa". Ikiwa hati bado ina jina la marehemu baba mkwe wako, mambo ya urithi yashughulikieni sasa. Nimeona familia zikigombania fidia huku mawakili wakila.

Sasa hao vijana na bendera zao. Wanachofanya ni kuandaa sura moja ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ile ambayo kampuni hutakiwa kuipeleka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kabla ya kuchimba mgodi. Kazi huanzia mezani: ramani za zamani, ripoti zilizoko Makumbusho, picha za setilaiti. Kisha wanatembea. Hujipanga mstari, mtu na mwenzake wameachana hatua kumi au ishirini, au zaidi ya hapo kama anayelipa ana haraka, wakaenda polepole macho chini. Wakiona kitu wanachomeka bendera, wanapiga picha na kipimio pembeni, wanaandika mahali penyewe kwa GPS. Penye dalili nzuri huchimba vishimo vidogo vya majaribio, udongo wakauchekecha kwenye wavu waone kama kuna kitu chini ya pale jembe linapofika.

Hawaangalii vigae peke yake. Mstari wa ojuok (mnyaa) uliozeeka unaosimama porini bila nyumba huwaambia kwamba hapo palikuwa na ua wa boma. Udongo mweusi wenye majivu, ambapo mahindi huwa ya kijani kuliko ya jirani, mara nyingi ndipo ng'ombe walipolala kwa miaka mingi. Jiwe la kusagia lililochimbika katikati. Mavi ya chuma, yale mabonge meusi yenye vitundu, mazito kuliko unavyotarajia ukiyainua, maana yake kuna mtu aliyeyeyusha chuma karibu na hapo. Na vyungu vyenyewe havifanani. Kigae chekundu kisicho na pambo kinaweza kuwa cha bibi yako. Lakini ukikigeuza ukakuta ukingo wake umekatwa kwa pembe pembe, shingoni pana mistari iliyochorwa kwa mkono uliotulia, na chini ya chungu pamebonyezwa kishimo kidogo kwa kidole, umeshika chungu cha Urewe. Jina hilo ni la mahali fulani Siaya, na waliovifinyanga walikuwa miongoni mwa wakulima na wafua chuma wa mwanzo katika kanda hii, miaka kama 1,500 iliyopita na hata zaidi. Alama ya kidole bado iko pale chini ya chungu, na kidole chako kinaingia.

Kuna kingine ambacho wenyeji hukipuuza kabisa: kijipande cheusi kinachong'aa na kukata kama chupa iliyovunjika. Watoto hukitupa wakidhani ni chupa kweli. Ni obsidiani, kioo kinachotokana na volkano, na Nyatike haina volkano ya kukitoa. Vipande vya namna hiyo vilifukuliwa na wanaakiolojia Gogo Falls, kwenye mto Kuja, katika kaunti hiyohiyo yenu, na asili yake ni Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na mlima Eburru. Kwa hiyo kitambo kabla ya ukoo wowote unaoujua kufika hapo, kulikuwa na wafugaji na wavuvi waliopata mawe kutoka ng'ambo ya Kericho na Bomet, au walitembea nayo wenyewe. Kijipande kimoja chenye ukubwa wa ukucha kinaweza kubeba habari hiyo yote, mradi ijulikane kilikuwa kimelala wapi.

Sasa udhaifu wa kazi hii, ambao ripoti nyingi huutaja kwa aya moja fupi. Macho huona kilicho juu, kwa siku ile watu walipopita. Shamba likiwa na nyasi za magoti, au miwa, hata mtaalamu hodari atakanyaga kijiji kizima asikione. Wakati mzuri ni baada ya kulima, mvua ya kwanza ikishaosha vumbi, vigae vikabaki vimejianika juu ya udongo. Muulize kiongozi wao walipita mwezi gani na shamba lilikuwa katika hali gani. Mtaalamu mwaminifu atakuwa ameandika hilo shamba kwa shamba. Asiyetaka usumbufu ataandika tu kwamba eneo "halikuonyesha dalili za umuhimu wa kiakiolojia", na hayo maneno machache ndiyo yatakayosomwa na mhandisi wa mgodi, ambaye hajawahi kukuona wala kusikia habari za babu.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Mama mkwe wako, kama yu hai, anajua mlango wa lile boma ulielekea wapi, ng'ombe walilala wapi, nani alizikwa upande gani. Maarifa hayo hayaonekani kwa setilaiti. Tathmini nzuri huwa na mahojiano na wazee pamoja na matembezi. Ikiwa hawa wa kwenu hawajamhoji mzee yeyote, hiyo ni kasoro, na mna haki ya kuisema barazani mbele ya chifu na wa kampuni.

Nije kwa shemeji. Anadhani gunda likiandikwa, mgodi umekufa. Mara chache sana mambo huenda hivyo. Mahali penye urithi pakipatikana, kwanza huangaliwa kama panaweza kukwepwa: mpaka unasogezwa, panazungushiwa uzio na kuachiwa nafasi pembeni. Ikishindikana, huchimbwa na wanaakiolojia kwanza, taratibu, ili habari iokolewe kabla mahali penyewe hapajapotea. Ndivyo ilivyokuwa Wadh Lang'o, bonde la Sondu, wakati wa mradi wa umeme wa Sondu-Miriu. Matabaka yaliyochimbwa pale yalianzia kwa wavuvi na wawindaji waliotumia vyungu vya Kansyore hadi kwa watu wa Urewe na waliowafuata, na wataalamu wanayategemea mpaka leo wakieleza historia ya kanda ya ziwa. Mradi wa umeme uliendelea.

Kwa hiyo jambo la kuuliza ni gunda lenu limeangukia wapi kwenye mchoro wa kampuni. Barabara, lundo la taka, bwawa la maji machafu, nyumba za wafanyakazi, vyote hivyo vinaweza kusogezwa bila hasara kubwa, na hapo sauti yako ina nguvu kweli. Mshipa wa dhahabu hausogei. Kama mawe ya babu yapo juu ya mshipa wenyewe, mazungumzo yatakuwa magumu, na ni afadhali mjue mapema mnapigania nini: mabadiliko ya mchoro, uchimbaji wa uokoaji uliofanywa vizuri, au kukataa kabisa kutoa idhini na kujiandaa kwa mvutano wa kisheria. Tena, vijana wetu wenyewe wanaotafuta dhahabu kwa sururu wamebomoa magunda mangapi bila ripoti wala bendera? Hilo shemeji asilisahau anapoikasirikia kampuni.

Na hata uchunguzi uliofanywa vizuri hauishii kwenye ripoti. Baadhi ya vitu vikubwa kupatikana kanda hii vilifichuliwa na machimbo yenyewe. Koru, kule Kaunti ya Kisumu, mlowezi mmoja aliyekuwa akichimba chokaa shambani kwake mwaka 1926 alikuta mifupa iliyogeuka mawe. Ikapelekwa London, na mwaka 1933 ikatangazwa humo aina mpya ya nyani wa kale, Proconsul, aliyeishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Hakuna mstari wa watu ambao ungeiona mifupa hiyo kutoka juu. Ndiyo maana mpango wa mgodi unapaswa kuwa na utaratibu wa ugunduzi wa ghafla: dereva wa tingatinga akikuta mifupa au vigae vingi, anasimama, eneo linafungwa, Makumbusho wanaitwa. IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, hulidai hilo kwa wakopaji wake. Sheria yetu nayo inamtaka mtu yeyote aliyegundua mahali au kitu cha kiakiolojia awaarifu Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7, akitaja mahali hasa na jinsi alivyokipata. "Mtu yeyote" ni pamoja nawe ukichimba choo.

Tena mgodi na urithi si lazima viuane. Kariandusi, karibu na Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, machimbo ya daiatomaiti yako kandokando ya mahali ambapo Louis Leakey alipata mashoka ya mkono ya mawe mwaka 1928, mashoka ya umri unaokaribia miaka milioni moja, mengine ya obsidiani ileile niliyokutajia. Upande mmoja malori yanabeba udongo mweupe, upande wa pili wanafunzi wanapigana vikumbo kuangalia mashoka. Wameishi hivyo kwa miongo mingi.

Nani analipa hao vijana? Kampuni. Sitaki kuwapaka matope, wengi ni watu wa kazi na wengine nimewafundisha, lakini anayelipa ndiye anayeamua siku ngapi watembee na wapi. Dawa ya hilo ni macho ya watu wengine kwenye karatasi. Kabla hawajapanda upande wa juu, waombe waonyeshe kibali cha utafiti na barua inayowatambulisha, na uandike jina la kiongozi wao. Unaweza kuwakataza kuingia, shamba ni lako, ila fikiria matokeo: kwenye ramani patawekwa alama ya "hapakufikiwa", na penye alama hiyo hapana wa kupatetea. Tembea nao. Wakipiga picha, nawe piga kwa simu yako, jiwe kwa jiwe, na biro pembeni ionyeshe ukubwa. Usiokote wala kuchimbua chochote ili "kuwasaidia". Kigae kilichotolewa mahali pake kikawekwa kwenye gunia kimepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwetu wanaakiolojia.

Ripoti ikifika NEMA si siri. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi na magazeti ya kawaida, umma unaalikwa kutoa maoni, na siku za kufanya hivyo hutajwa kwenye tangazo lenyewe. Mtume kijana anayesoma vizuri aende ofisi ya NEMA ya kaunti akatafute sura ya urithi na ramani yake. Kama gunda halimo, andikeni barua, ambatanisheni picha na majina ya wazee, mpate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mkinyimwa nakala ya ripoti, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi. Leseni ikitolewa mkiwa hamjaridhika, kuna Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na huko muda ni siku 60, kwa hiyo msilale.

Makaburi yana mambo yake, wala usikubali yahesabiwe kwenye fungu moja na vigae. Kaburi la babu aliyezikwa miaka ya 1950 si akiolojia. Ni la familia, na kufukua maiti kunahitaji kibali cha serikali hata kama nyote mmekubali. Sheria ya Madini pia imeweka ardhi ya maziko na mahali pa ibada katika yale yasiyoguswa bila ridhaa inayohitajika. Yaliyo hatarini zaidi ni makaburi ya zamani yasiyo na saruji wala msalaba, yale ambayo ni mzee mmoja tu anayejua yapo. Hayo myaonyeshe moja moja, yawekewe namba kwenye ramani. Na ikitokea siku moja mkakubaliana kuhamisha, gharama za mila ziandikwe kwenye makubaliano kabla ya kutia saini: mnyama wa kuchinjwa, chakula cha wageni, usafiri wa ndugu walioko Nairobi na Mombasa. Kampuni nyingi huhesabu jeneza na shimo tu.

Umeuliza kuhusu vigae walivyoondoka navyo. Wenye kibali wanaweza kuchukua sampuli, na kwa kuwa ni mali ya serikali, si wewe wala kampuni mwenye haki ya kuviuza au kuvipanga kabatini. Lakini vinapaswa kuwa na orodha: kila mfuko na namba yake, tarehe, shamba la nani, na sehemu ya GPS, kisha viishie kwenye hifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa. Mpigie kiongozi wao, omba nakala ya orodha ya vilivyotoka kwako. Akikuambia orodha haipo, hilo liandike kwenye barua yenu kwa NEMA, tena liwe aya ya kwanza.